Breki ya Mkono wa Kushoto

Gari liliondoka polepole, kama mgeni aliyechoka kungoja kuagwa akaamua kujiendea zake. Bi Kona alikuwa mlangoni pa duka la mikate, kifurushi kwapani na funguo zikimning'inia kidoleni, alipoliona likiteremka kinyumenyume bila mtu ndani. Alipiga ukelele. Hakumbuki aliita nini. Pengine aliliita gari lenyewe lirudi. Kisha akakimbia, na mguu wake wa kushoto, ule uliobaki na uzito tangu alipopatwa na kiharusi, ukawa unaburutika nyuma kama mtoto asiyetaka kupelekwa shule. Gari halikumngoja. Lilikata barabara, likapanda ukingo, likaponda baiskeli ya magurudumu matatu iliyoachwa kando ya geti la jirani, likauegemea ukuta na kutulia tuli, utadhani limefika lilikokuwa likienda.

Mwenye baiskeli, mjukuu wa jirani, alikuwa ametoka kuitwa ndani kunawa mikono. Hakuna aliyeumia. Jirani alitoka, akamshika mtoto bega, akaitazama baiskeli iliyobonyea kama kopo, halafu akamtazama Bi Kona. Hakutukana. Bi Kona angeshukuru kama angetukana.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, la milango miwili na viti viwili, fupi la kimo, rangi yake ya bluu imekwajuka, taa zake za mbele mviringo kama macho ya mtu aliyeamshwa kwa kushtuliwa. Bi Kona alilinunua kwa jasho lake alipokuwa mpima ardhi, kabla ya ndoa na kabla ya mtoto, enzi ambazo mwanamke aliyeshika usukani aliangaliwa kama kioja na aliyeshika darubini ya kupimia viwanja aliangaliwa kama mchawi. Hilo jina la Bi Kona alipewa na watu wa mtaa kwa jinsi alivyozikata kona. Mumewe, Mungu amrehemu, alizoea kusema kwamba siku ya harusi alioa wawili. Ndiyo maana dada wa marehemu, ambaye kwa Bi Kona alikuwa wifi na mtani wa kufa na kuzikana, hakuliita gari hilo gari. Aliliita wifi mdogo.

Mwanawe alifika jioni hiyo hiyo, kofia ngumu ya kiwandani bado kichwani. Alikuwa mkaguzi wa usalama. Kazi yake ilikuwa kuingia mahali na kukiona kitakachoanguka kabla hakijaanguka. Alilizunguka gari mara kadhaa, akainama, akaichungulia baiskeli pale ilipobanwa. Aliposimama wima alivua kofia.

"Mama, uliivuta breki ya mkono?"

"Niliivuta."

"Kwa mkono upi?"

"Kwani kuna mwingine unaofika pale?"

Wenzo wa breki ulikuwa katikati ya viti viwili, kushoto kwa dereva, na mkono wa kushoto ndio uliopigwa. Bi Kona alikuwa ameufundisha upya tangu alipotoka hospitali: kufinya soksi zilizoviringishwa, kufunga vifungo, kushika kikombe kisichojaa, hatimaye kubadili gia. Daktari alikwisha kumruhusu kuendesha. Lakini mbele za watu aliuweka mfukoni au chini ya mtandio, kama mtu anayemficha ndugu mlevi chumbani wageni wakija.

"Breki ndiyo imechakaa," alisema. "Mkono hauna neno."

"Na kama ni mkono?"

Bi Kona aliusukuma mkono ndani zaidi ya mfuko.

"Mtoto angekuwa ameikalia ile baiskeli, Mama," mwanawe alisema, na sauti ikamkatika katikati. Hakuwa mkatili. Angekuwa mkatili, kumkasirikia kungekuwa kazi nyepesi. "Kuna mtu kazini amekuwa akiliulizia siku nyingi, ana ghala zima la magari ya zamani. Nitamleta Jumamosi. Litatunzwa vizuri, utakuwa ukienda kulitazama."

"Kulitazama," Bi Kona alirudia, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha.

Mwanawe alichukua funguo mezani, akambusu kwenye paji la uso, akaondoka. Alichosahau ni kwamba gari lililomtangulia yeye kuzaliwa haliwezi kukosa ufunguo wa pili.

*

Kesho yake Bi Kona alikwenda kwa fundi wake wa siku zote, gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Fundi alipomwona aliipangusa mikono yake kwa kitambaa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Nisamehe, Mama. Mwanao amenipigia simu. Ameniomba nisiliguse."

"Gari ni la nani?"

"Lako. Nani asiyejua? Lakini magari yote ya kiwanda chao yanaletwa hapa. Akininunia, nitabaki nafagia tu."

Bi Kona alivuta kibao akakaa. Hakuwa na haraka. Alikuwa amekaa na machifu wabishi, na wenye mashamba waliokuja kwenye mipaka na mapanga, na aliwahi kugundua kwamba anayekaa kitako wa kwanza ndiye anayeondoka wa mwisho.

"Amekukataza kuligusa."

"Ndiyo, Mama."

"Amekukataza kuniuzia viatu vya breki?"

Fundi alimtazama. Kicheko kilianza kumpanda, akakizuia kwa mgongo wa mkono. "Hilo hakulitaja."

"Na kunieleza namna ya kuvifunga?"

"Na hilo pia," alisema fundi, "hakulitaja."

Akaenda kuchukua sufuria kuukuu aliyokuwa akioshea vyuma, akaishika mbele yake. Magurudumu ya nyuma ya gari lile yalikuwa na diski, alieleza, na hizo ndizo zinazobanwa mtu akikanyaga breki ya mguu. Lakini katikati ya kila diski palikuwa na uvungu, kama sufuria ile. Humo uvunguni ndimo vinamokaa viatu vya breki ya mkono: vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga na mwenzake, kila kimoja kimegandishwa utando mgumu mgongoni. Ukivuta wenzo, waya unavitanua. Fundi aliingiza mikono yake miwili ndani ya sufuria na kuisukuma kwenda nje hadi ikagusa kuta.

"Izungushe."

Bi Kona aliishika sufuria kwa mkono wa kulia akajaribu. Haikwenda.

"Basi kazi ya viatu ni hiyo tu, kukataa. Kuvitoa si shida. Shida ni springi za kuvirudisha. Ni fupi, zina kiburi, na zinataka mikono miwili." Neno likamtoka kabla hajalipima. Macho yake yakaangukia mfuko wa gauni la Bi Kona, mahali mkono wa kushoto ulipokuwa umejificha, naye akatamani ameze alichosema.

"Ninayo miwili," alisema Bi Kona, akanyanyuka.

*

Alianza asubuhi iliyofuata, uani, alikolirudisha gari kwa ule ufunguo wa pili, pale ambapo sakafu ya saruji ilikuwa sawa. Alikinga magurudumu ya mbele kwa matofali, akalegeza nati za nyuma gari likiwa bado chini, akaliinua kwa jeki na kuliweka juu ya stendi za chuma, kisha akaufyatua wenzo wa breki na kulegeza waya wake. Kufikia hapo mkono wa kulia ulifanya kila kitu. Wa kushoto uliambatana nao kama shahidi.

Wifi yake alifika akiwa na chupa ya chai, akavuta kigoda na kukaa mbali kidogo, amekunja miguu kana kwamba gari litamuuma.

"Wifi, hivi wewe ulirogwa? Wenzako wa umri huu wanafuga kuku."

"Kuku hawana gia."

"Mwanao akijua?"

"Atajua Jumamosi. Nimulikie hapa."

Wifi alisogea shingo upande, tochi mkononi. Bi Kona alilifungua gurudumu la kulia. Akaitoa kalipa, ile taya ya chuma inayoibana diski, akaifunga kwa waya juu ili isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta ya breki. Fundi alikuwa amemsisitizia hilo. Diski yenyewe iligoma. Ilikuwa imeshikana na kutu ya miaka. Aliigonga kwa nyundo ya mpira pande zote, mara huku mara huku, mpaka jasho likamwingia machoni na wifi akaanza kuomba dua kwa sauti. Ikalegea ghafla, ikamwangukia mapajani nzito kama mtoto aliyelala.

Ndani kulikuwa na vumbi jeusi. Akalifuta kwa kitambaa kibichi. Viatu viwili vikaonekana vimekaa mahali pake.

Vilikuwa vizima.

Utando ulikuwa mnene, umegandamana vizuri na chuma chake, umeliwa kidogo tu pembeni. Alipitisha kidole gumba. Akapitisha tena. Tangu ajali alikuwa amejiambia kwamba akifungua atakuta breki imekwisha, na kwamba atakiweka kile kiatu kilichochakaa mezani mbele ya mwanawe bila kutamka neno. Hakuwa amejiandaa kukuta breki inayofanya kazi.

"Kuna nini?" aliuliza wifi.

"Hakuna kitu."

"Mbona umepauka kama unga?"

Bi Kona alikaa chini kwenye saruji, mgongo umeegemea gurudumu la mbele. Aliiona ile baiskeli. Tangu siku ile ilikuwa ikimjia bila kuitwa, tairi lake dogo la mbele likizunguka hewani baada ya vingine vyote kutulia. Kama viatu vilikuwa vizima, basi aliyelegeza ni yeye. Mwanawe aliona sawa. Mkono huu, huu aliouapia, ulikuwa umeuvuta wenzo nusu ya njia ukadhani umefika, naye akashuka zake kwenda kununua mkate.

"Vimekaa sawa hivi," alisema mwishowe, sauti ikiwa chini. "Breki haikuwa na kosa."

Wifi alizima tochi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na utani. Alimimina chai, akampa, akangoja mpaka kikombe kikawa nusu.

"Basi tuache?"

Bi Kona aliutazama mkono wake wa kushoto uliolala mapajani kiganja juu. Ulikuwa umechafuka, maana hata bila kuutumia vumbi lilikuwa limeufikia. Aliwaza juu ya Jumamosi, na ghala la yule mtu, na gari lake limesimama huko limefunikwa turubai, limeng'arishwa, halitoki. Aliwaza juu yake mwenyewe amekaa sebuleni, anapelekwa mahali na kurudishwa, anaulizwa kama ameshiba. Hasira ikampanda, lakini haikuwa tena ile ya mwanzo, ya kutafuta wa kulaumiwa. Hii ilikuwa na miguu.

"Kama ni mkono," alisema, "mkono nao hutengenezwa. Nipe hiyo koleo."

"Si umesema ni vizima?"

"Huwezi kubadili upande mmoja ukaacha mwingine. Na mimi sijafungua wa pili. Nipe koleo."

Kuvitoa vile viatu vya zamani haikuwa kazi. Kuviingiza vipya ndiko kulikomtoa kijasho chembamba. Alikisimamisha kiatu kwa vidole vya kushoto, akainasa springi kwa koleo kwa mkono wa kulia, akavuta. Vidole vikateleza, springi ikafyatuka, ikalia kwenye bati la jirani na kudondokea upande wa pili wa ua.

"Wifi mdogo ametema mate," alisema wifi.

Waliitafuta, wakaipata kwenye majani. Akajaribu tena. Ikafyatuka tena, safari hii ikapita karibu na sikio la wifi, ambaye aliinuka, akajifunga kanga kichwani kama anayekwenda vitani, akarudi kukaa. "Nipe nikushikie hicho kiatu," alisema. "Mikono yangu ipo bure."

"Usiguse."

"Kiburi chako kitanitoboa jicho."

"Sogeza kigoda, basi."

Alijaribu mpaka vidole vya kushoto vikaanza kutetemeka vyenyewe, na akajua kwamba kwa njia ile havitaweza, hata akishinda hapo mpaka jua lizame. Vidole vilikuwa vimegoma. Akavitazama kwa muda, bila chuki, kama alivyokuwa akitazama bonde lisilopitika na kutafuta pa kuzungukia. Vidole vimegoma, kiganja je? Kiganja kilikuwa na nguvu. Kisigino cha mkono kilikuwa na nguvu. Kiwiko pia. Aliviteremsha viatu vyote viwili chini, akaviunganisha hapo hapo sakafuni kwa springi ya chini na kile kigurudumu chenye meno cha kurekebishia, akavipanua kama kitabu, na kuvivalisha kwenye kitovu cha gurudumu kwa mikono yote miwili. Akakikandamiza kiatu kwa kisigino cha mkono wa kushoto, uzito wa bega lote juu yake. Ile springi ya juu akaipitishia kamba ya kiatu chake mwenyewe, akaiviringisha kamba kwenye ngumi ya kulia, akavuta, akavuta, meno ameyauma, akisikia bega la kushoto likilalamika kwa lugha ambayo halikuwa limeitumia tangu kabla ya hospitali.

Springi ikaingia tundu lake. Ilitoa mlio mdogo tu, tik, kama mtu anayefunga pochi.

Bi Kona aliilegeza kamba ngumini. Wifi ndiye aliyepiga kigelegele, mpaka mbwa wa nyumba ya nyuma wakajibu.

*

Upande wa kushoto walikuta mambo mengine. Diski ilipotoka, kipande cheusi kilidondoka nayo na kuvunjika sakafuni. Ulikuwa ni utando. Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki chuma kitupu, kinang'aa palipokuwa na gundi. Cha pili utando wake ulikuwa umepasuka na kuning'inia kama kucha iliyong'oka.

"Haya!" Wifi alisimama mpaka kigoda kikaanguka. "Si nilisema? Si ulisema? Breki hiyo! Mpigie mwanao simu saa hii, mwambie aje na kofia yake!"

Bi Kona alikiokota kiatu kilichokuwa uchi. Moyo ulimruka, angesema uongo akikana. Lakini alikuwa mpima ardhi, na mpimaji mwenye vipimo viwili hachagui kimoja kwa sababu tu kinampendeza. Upande mmoja ulikuwa umekufa. Ule wa pili ulikuwa hai, na mteremko wa pale dukani si mkali kiasi hicho. Upande mmoja uliovutwa mpaka mwisho ungelishika gari.

Akamweleza wifi. Wifi alimsikiliza, akatazama huku na huku, akashusha sauti ingawa uani hapakuwa na mwingine.

"Sasa nani anayejua hayo? Hivi vibovu tunaviweka mezani. Vile vizima vinapotea. Mimi sijaona kitu."

Yalikuwa maneno matamu, na Bi Kona aliyaacha yakae kidogo. Aliiona picha yake: kiatu kibovu mezani, uso wa mwanawe, msamaha ukimtoka kinywani. Ingekuwa rahisi. Ingekuwa pia ni kuuingiza mkono mfukoni kwa mara nyingine, na safari hii kuushonea humo.

"Hapana," alisema. "Nitamwonyesha vyote."

"Atakushinda."

"Kwa nini anishinde? Kwani mtu akisema kweli ndiyo ameomba kunyang'anywa vitu vyake?"

Wifi alikiinua kigoda kilichoanguka. Aliwasha tochi.

Upande ule ulikwenda haraka zaidi. Mwishoni, diski zikiwa zimerudi, Bi Kona aliingiza bisibisi kwenye tundu la diski na kukisukuma kile kigurudumu chenye meno, jino baada ya jino, viatu vikipanuka gizani humo hadi diski ikagoma kuzunguka kabisa. Akairudisha nyuma kidogo, ikazunguka, ikisugua kwa mbali kama mtu anayenong'ona. Akakaza waya. Akarudisha magurudumu. Jioni aliingia ndani ya gari, akalizungusha uani mbele na nyuma, akivuta wenzo taratibu ili viatu vipya vizoeane na nyumba yake. Kila mara alivuta kwa kushoto. Siku zilizofuata hakufanya jambo jingine. Alikaa ndani ya gari lililosimama akavuta na kuachia, akavuta na kuachia, mpaka akaujua mwisho wa ule wenzo ulipo kama mtu anavyoijua ngazi ya mwisho ya nyumba yake gizani.

*

Jumamosi mwanawe alikuja na mnunuzi, mtu mpole mwenye miwani ya jua na viatu vya bei. Hawakulikuta gari uani. Walimkuta wifi amekaa kizingitini.

"Mama yuko wapi?"

"Na wifi mdogo," alisema wifi. "Mtaani, kwenye mteremko. Kasema mkija niwalete."

Mwanawe alikimbia. Gari lilikuwa karibu na kilele, mahali mtaa unaposimama wima, limeelekeza pua kilimani. Bi Kona alikuwa ameketi ndani, mlango wazi. Alimkaribisha mnunuzi kwa heshima zote.

"Tikisa hiyo gia, baba. Iko huru?"

Mnunuzi aliingiza mkono, akaitikisa gia. "Iko huru."

"Injini?"

"Imezimwa."

"Basi hakuna kinacholishika ila breki hii." Akauvuta wenzo kwa mkono wa kushoto. Hakuuficha, alifanya polepole makusudi ili waone vidole vilivyopinda na kisigino cha mkono kilichofanya kazi ya vidole. Wenzo ulilia tik mara moja, mara ya pili, ukaendelea hadi pale alipopajua. Kisha akauondoa mguu kwenye pedali.

Gari lilikohoa kidogo kwenye springi zake. Likakaa.

Bi Kona alishuka. Alipita ubavuni mwa gari, mguu wake mzito ukimfuata, akaenda nyuma, akashuka hatua chache mteremkoni na kusimama katikati ya barabara, mgongo umelielekea gari.

"Mama!" Mwanawe alipauka. "Mama, toka hapo!"

"Kazi yako ni kuhesabu hatari. Hesabu na hii."

"Nakuomba."

"Nisikilize kwanza, maana nikiwa sebuleni hunisikii." Hakugeuka kulitazama gari. "Nimefungua breki mwenyewe. Upande mmoja ulikuwa umekufa. Wa pili ulikuwa mzima, na ungetosha kama ningevuta mpaka mwisho. Sikuvuta mpaka mwisho. Viatu vyote viko nyumbani, vizima na vibovu, utaviona. Kwa jirani nimekwenda, nimemwambia hivi hivi, na mtoto ana baiskeli nyingine."

Mahali fulani juu dirisha lilifunguliwa.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," mwanawe alisema, lakini hakusema kama mtu aliyeshinda.

"Nusu."

"Na hiyo nusu, Mama? Hiyo nusu ndiyo inayoua."

"Ndiyo. Hiyo nusu ni yangu. Nimeijua, na ninaishughulikia kila siku ya Mungu. Usiniondolee kazi hiyo ukadhani umenisaidia. Siku nitakayoshindwa kuuvuta huo wenzo nitakuletea ufunguo kwa mkono huu huu. Leo si siku hiyo."

Mnunuzi alivua miwani yake, akaisafisha, akaivaa. "Ndugu yangu," alimwambia mwanawe kwa upole, "mama huyu hauzi gari." Akamwinamia Bi Kona kidogo, akashuka zake mtaani, akilikwepa gari kwa mbali.

Mwanawe alikwenda kwenye mlango wa dereva, akaingia. "Sogea pembeni," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nitalirudisha nyumbani mimi, halafu tutaongea." Bi Kona alipanda ukingoni, akasimama karibu na wifi yake, aliyekuwa amefika akihema.

Mwanawe alikanyaga breki ya mguu, akaushika wenzo aufyatue. Haukufyatuka. Akauvuta tena kwa nguvu zaidi, bega likapanda. Akaweka mikono miwili.

"Kuna kitufe," alisema wifi.

"Najua kuna kitufe, Shangazi."

Walimtazama akihangaika. Wifi alifungua kinywa kusema jambo, Bi Kona akamgusa mkono, akanyamaza. Ndani ya gari mwanawe aliacha kuvuta. Aliuangalia ule wenzo, mikono yake mizima miwili ikiwa juu yake, muda mrefu. Alipoinua uso kumtafuta mama yake dirishani, macho yake yalikuwa yamebadilika, ingawa Bi Kona hakuweza kusema yamekuwaje.

"Hamia kule," alisema Bi Kona.

Mwanawe alikuwa mrefu. Alijikunja, mguu mmoja ukanasa kwenye gia, akajivuta mpaka kiti cha pili na kukaa, magoti karibu na kidevu. Bi Kona aliingia, akafunga mlango, akawasha injini. Sauti yake iliijaza mitaa ya juu na ya chini.

"Na mimi je?" alipiga kelele wifi.

"Viti viwili!" Bi Kona alimjibu.

Akaweka kiganja cha kushoto juu ya wenzo, akauinua kidogo, akaufyatua. Gari likapanda, likamaliza kilima. Juu pale njia ilikuwa inagawanyika, na ya kwenda nyumbani ilikuwa kushoto.

"Mama," alisema mwanawe, "umepita."

"Najua," alisema Bi Kona, na akaikata kona ya kulia.